Usalama wa Sampuli Huanzia Maisaka, si Kwenye Hadubini

Maendeleo ya maabara aghalabu hupimwa kwa mashine. Hadubini mpya inapofika hospitalini, utepe hukatwa, picha hupigwa na hotuba hutolewa. Hakuna utepe unaokatwa kwa ajili ya kichupa cha plastiki kinachofungika barabara, wala hakuna mgeni rasmi anayealikwa kushuhudia dereva akifundishwa namna ya kubeba kasha la sampuli. Hata hivyo, linapokuja suala la virusi vikali, kichupa hicho na dereva huyo huamua mambo mawili makubwa: kama ukweli wa ugonjwa utajulikana, na kama wanaoutafuta ukweli huo watarudi nyumbani wakiwa wazima.

Hoja ya makala hii ni moja. Sampuli ya virusi inayokusudiwa kuchunguzwa kwa hadubini ya elektroni hufanywa salama, au huachwa ikiwa ya hatari, na watu wa mwanzo wanaoigusa. Maabara kubwa inayoipokea mwishoni huweza kuikataa, kuiteketeza au kuichunguza. Haiwezi kurudi nyuma na kumwokoa muuguzi aliyejichoma sindano. Kwa hiyo fedha, vifaa na mafunzo ya usalama vinapaswa kuanzia kwenye kata, kisha vipande kwenda juu.

Kata ya Maisaka, iliyo sehemu ya Mji wa Babati mkoani Manyara, huifanya hoja hii ieleweke upesi. Babati uko kwenye barabara kuu iunganishayo Arusha na Dodoma, yapata kilomita 170 kutoka Arusha, na hapo ndipo njia ya Singida inapochepukia. Ni mji wa wakulima na wafugaji, wa malori na mabasi, ambamo watu na mifugo huishi kwa karibu. Sampuli inayochukuliwa katika mazingira kama haya na kuhitaji uchunguzi wa juu husafiri mamia ya kilomita hadi Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii jijini Dar es Salaam. Ugonjwa ukiwa haujulikani kabisa, sehemu ya sampuli hiyo huweza kuvuka bahari kwenda kutazamwa na wataalamu wa nchi nyingine.

Inafaa kuhesabu mikono itakayoigusa njiani. Kuna muuguzi aliyechoma sindano, mtaalamu wa maabara aliyebandika lebo, mhudumu wa usafi aliyeokota pamba na glavu, dereva aliyepokea kasha na karani aliyelisajili. Yule wa mwisho kabisa, mbele ya hadubini, hupokea kitu kilichokwisha kuuawa kwa dawa, akiwa amezungukwa na miongozo iliyobandikwa ukutani. Yule wa kwanza huenda ana jozi moja tu ya glavu. Lakini ni mikononi mwa huyu wa kwanza ambamo virusi huwa hai na vingi kuliko mahali pengine popote katika safari hiyo. Hatari ni kubwa zaidi pale ambapo kinga ni ndogo zaidi, na mpangilio huo hauna budi kugeuzwa.

Tishio lenyewe si la kubuni

Kwa wakazi wa Manyara, virusi vikali si habari za mbali. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2006 na katikati ya mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa iliikumba Tanzania. Washukiwa 511 waliripotiwa katika mikoa 10, Manyara ikiwa mmojawapo; wagonjwa 186 walithibitishwa kwa vipimo vya maabara, na watu 144 walifariki dunia. Ugonjwa huo huanza kwa mifugo: kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba kwa wingi, na ndama na wana-kondoo hufa. Kisha humfikia binadamu kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa, iwe wakati wa kuchinja, kuchuna au kumsaidia mnyama anayezaa.

Virusi vya homa hiyo vilitengwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, kufuatia vifo vya kondoo karibu na Naivasha mwaka 1930, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Tangu miaka hiyo ya mwanzo ilidhihirika kwamba vinawashika pia watu wa maabara wanaovichunguza. Hili ni onyo la zamani: anayechukua sampuli ili kuutambua ugonjwa yumo katika orodha ya wale ambao ugonjwa huo unaweza kuwapata.

Onyo hilo limerudiwa karibuni zaidi. Mnamo Machi 2023, Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa Marburg, katika Mkoa wa Kagera. Watu tisa waliugua, mmoja wao akihesabiwa kuwa mgonjwa wa kudhaniwa, na sita wakafariki. Wawili kati ya walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alipoteza maisha. Mnamo Januari 2025 Marburg ilitangazwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Safari hiyo kipimo cha awali kilifanyika katika maabara inayohamishika ya Kabaile, huko huko Kagera, kabla ya majibu kuthibitishwa Dar es Salaam. Kitendo hicho cha kuipeleka maabara karibu na mgonjwa kinastahili sifa, kwa sababu kinafupisha njia na kupunguza mikono.

Hadubini huona nini, na hudai nini

Ili kuelewa kwa nini maandalizi ni jambo zito, yafaa kuelewa kwanza kazi ya chombo chenyewe. Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga hauwezi kuonyesha wazi vitu vilivyo vidogo kuliko takriban nanomita 200. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina kipenyo cha karibu nanomita 100. Uzi wa Marburg una unene wa karibu nanomita 80. Hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliiasisi mjini Berlin mwaka 1931, hutumia miale ya elektroni badala ya mwanga, na kwa njia hiyo humwezesha mtazamaji kuliona umbo la kirusi chenyewe.

Lakini chombo hiki kina masharti yake. Elektroni husafiri ndani ya ombwe, mahali palipoondolewa hewa, kwa hiyo sampuli haiwezi kuingizwa ikiwa na unyevu wake wa kawaida. Kwa majimaji, tone dogo huwekwa juu ya kiwavu cha chuma chenye upana wa milimita tatu, kikapakwa chumvi ya metali nzito kama asetati ya urani, kisha kikakaushwa. Kirusi huonekana kama umbo jeupe katika uwanja mweusi. Kwa tishu, kipande hukazwa kwa dawa, huondolewa maji, huzamishwa katika gundi ngumu, kisha hukatwa vipande vyembamba visivyofikia nanomita 100. Maandalizi ya namna ya kwanza huweza kumalizika kwa muda mfupi. Ya pili huchukua siku kadhaa.

Wapo wanaodhani kwamba ukaushaji huo na ombwe hilo huua virusi, na hivyo sampuli hujisalimisha yenyewe ndani ya mashine. Dhana hiyo ni ya hatari. Kukauka na kukosa hewa hupunguza uhai wa virusi vingi, ila hakutoi uhakika wa kuvimaliza. Tena, kabla ya kiwavu kuingia kwenye mashine, kuna mtu aliyekishika kwa koleo, akadondoshea tone na kulifyonza kwa karatasi. Kiwavu hicho, koleo hilo na karatasi hiyo vyote vilikutana na virusi. Kifo cha virusi ni lazima kitangulie kazi hiyo.

Kuua bila kuharibu

Dawa zinazotumika zaidi ni formaldehaidi, ambayo myeyuko wake hujulikana na wengi kwa jina la formalini, na glutaraldehaidi. Hizi hufunga protini za kirusi moja kwa nyingine, kama mtu anayeshona mlango ukafungamana na fremu yake: umbo hubaki, lakini mlango haufunguki tena. Ndiyo maana zinafaa kwa kazi hii. Klorini huua upesi, lakini hubomoa umbo ambalo mtazamaji analitafuta.

Ugumu umo katika neno dogo: muda. Kasi ya formalini kupenya ndani ya tishu aghalabu hukadiriwa kuwa milimita moja kwa saa, nayo hupungua kadiri dawa inavyozama. Glutaraldehaidi hupenya polepole zaidi. Kipande cha ini chenye ukubwa wa kidole gumba kikitumbukizwa kwenye chupa ya formalini asubuhi na kutolewa adhuhuri, kitakuwa kimekufa nje na huenda kingali hai katikati. Mwenye kukikata atajikuta ameufungua moyo wa hatari huku akiamini anashika kitu kilichokufa. Kwa sababu hiyo vipande vya hadubini ya elektroni hukatwa vidogo mno, karibu milimita moja, na dawa huzidi ujazo wa tishu mara kumi au zaidi.

Kosa la pili limo kwenye kifuniko. Sampuli ya majimaji ikichanganywa na dawa ndani ya kichupa, matone yaliyorukia chini ya kifuniko au kwenye nyuzi za mdomo wake huenda yasiguswe kabisa na dawa hiyo. Kichupa kinaonekana salama kwa sababu majimaji yake ni salama, ilhali mkono utakaokifungua utakutana na tone lililosahauliwa. Utaratibu ulio makini hudai kichupa kigeuzwe juu chini ili dawa ifike kila pembe, kisha majimaji yahamishiwe kwenye kichupa kipya kisafi, na nje yake ipanguswe kwa dawa.

Kosa la tatu ni la imani: kusema sampuli imekufa bila kuthibitisha. Mnamo Mei 2015 ilibainika nchini Marekani kwamba kituo cha jeshi cha Dugway, katika jimbo la Utah, kilikuwa kimesambaza kwa miaka mingi kwenye maabara nyingine vijidudu vya kimeta vilivyodhaniwa kuuawa kwa mionzi, kumbe vingine vilikuwa hai. Kimeta si kirusi. Ni bakteria ambao wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanawajua vema. Funzo lake, hata hivyo, linahusu kila sampuli. Ikiwa taasisi yenye uwezo mkubwa kiasi hicho iliweza kukosea kwa kuuamini utaratibu usiothibitishwa ipasavyo, basi neno "imekufa" halipaswi kuandikwa kwenye lebo kwa mazoea. Liandikwe pale tu utaratibu uliotumika umejaribiwa kwa aina hiyo ya sampuli, kwa kiasi hicho cha dawa na kwa muda huo.

Kadhalika, dawa zenyewe si rafiki. Formalini huwasha macho na koo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka formaldehaidi katika kundi la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu. Osmiamu tetroksaidi, inayotumika baadaye katika kuandaa tishu, hutoa mvuke unaodhuru macho. Myeyuko wenye guanidini, unaowekwa kwenye baadhi ya vichupa vya vipimo vya vinasaba, haupaswi kamwe kukutanishwa na klorini, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Anayemfundisha mtumishi kuogopa virusi bila kumfundisha kuiheshimu chupa ya dawa amemfundisha nusu tu.

Ushuhuda wa miaka miwili

Historia ina mifano miwili inayoonyesha tofauti kati ya utaratibu na bahati, na yote miwili inaanzia Afrika.

Mnamo Agosti 1967, wafanyakazi wa maabara za chanjo katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati huo, waliugua homa isiyojulikana. Walikuwa wamehudumia tumbili walioletwa kutoka Uganda, au wameshika viungo vyao. Watu 31 waliugua na saba wakafariki. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wapasuaji wa tumbili hao, lakini walikuwamo pia walioshika vyombo vya maabara vilivyochafuka. Wachunguzi wa Marburg waliiandaa damu ya wanyama wa majaribio kwa kuitia formalini kwanza, ndipo ikapelekwa Hamburg, ambako Dietrich Peters na Gerhard Müller waliitazama kwa hadubini ya elektroni. Hivyo, katika muda wa takriban miezi mitatu, ulimwengu ukakiona kirusi cha umbo la uzi ambacho hakikuwahi kuonekana kabla. Hamburg haikuongeza mgonjwa mwingine kwenye orodha. Kazi ya kuua ilikuwa imefanyika huko sampuli ilikotoka.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1976. Mlipuko wa homa ya kutisha ulizuka Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwishoni mwa Septemba, damu ya mtawa mgonjwa ilisafirishwa kutoka Kinshasa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai ya rangi ya bluu, katika mzigo wa mkononi wa abiria wa ndege ya kawaida. Ilipofunguliwa, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kimevunjika. Damu ilikuwa imechanganyika na maji. Wataalamu waliokuwapo, Peter Piot akiwa mmoja wao, walidhani huenda ni homa ya manjano, na waliishughulikia wakiwa na glavu tu. Walipokuja kuzitazama seli kwa hadubini ya elektroni, waliona nyuzi ndefu zinazofanana na Marburg. Ilikuwa Ebola.

Kwamba hakuna mtaalamu wa Antwerp aliyeugua ni bahati, na bahati haiandikwi katika mwongozo. Kule Yambuku kwenyewe bahati hiyo haikuwapo. Tume ya kimataifa iliyochunguza mlipuko huo ilieleza kwamba hospitali ilikuwa ikitoa sindano tano tu kila asubuhi, nazo zikitumiwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walipoteza maisha. Picha maarufu ya Ebola, iliyopigwa na Frederick Murphy huko Atlanta mnamo Oktoba mwaka huo, imechapishwa katika vitabu visivyohesabika. Nyuma ya picha ile kuna wauguzi ambao vitabu hivyo havina nafasi ya kuwataja, na ambao hawakuuawa na ukosefu wa hadubini. Waliuawa na ukosefu wa sindano safi.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza husema kwamba zama za hadubini ya elektroni zimepita, kwa kuwa kipimo cha PCR husoma vinasaba kwa saa chache. Ni kweli kwamba PCR ndiyo nguzo ya utambuzi leo, nayo ndiyo iliyotumika Kagera. Hata hivyo PCR huulizwa swali mahususi na hujibu swali hilo tu. Haiwezi kuitambua sura ambayo haikuambiwa iitafute. Hadubini ya elektroni hutazama bila kuchagua. Mwaka 2003, SARS ilipozuka, ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowaelekeza wachunguzi kwenye jamii ya virusi vya korona. Na hata kama sampuli haitaiona kamwe hadubini hiyo, hatua za mwanzo ni zile zile: kuchoma kwa usalama, kufunga kwa usalama, kuua virusi kwa njia iliyothibitishwa. Fedha inayotumika hapo haipotei, uchunguzi wowote ufuate.

Pingamizi la pili ni kwamba tahadhari nyingi huwatia wagonjwa hofu. Mgonjwa akimwona muuguzi amevaa barakoa, miwani na joho, hudhani amekwisha kuhukumiwa kifo. Hofu hiyo ipo, na haifai kudharauliwa. Tiba yake ni maelezo. Maneno machache kabla ya sindano, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, huondoa hofu ambayo kuvua glavu hakuwezi kuiondoa. Katika mji kama Babati, ambamo Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na wengine wengi hukutana, huenda maelezo hayo yakahitaji jirani au ndugu wa kutafsiri, na hilo nalo ni sehemu ya huduma.

Pingamizi la tatu ni gharama. Hapa ndipo hesabu inapoisaidia hoja ya kata. Hadubini ya elektroni ni miongoni mwa vyombo ghali zaidi katika maabara, hudai chumba kisichotikisika, umeme usioyumba na fundi wa kudumu. Vichupa imara, makasha ya tabaka tatu, masanduku ya sindano zilizotumika na siku chache za mafunzo hugharimu sehemu ndogo mno ya bei hiyo. Nchi isiyoweza kununua hadubini nyingi inaweza kupeleka sampuli salama kwenye chache zilizopo. Kinyume chake hakiwezekani: hadubini hata mia moja hazitaisaidia sampuli iliyomwagika barabarani kabla ya kufika.

Yapasayo kufanyika

Kwa mtumishi wa zahanati au kituo cha afya, jambo la kwanza ni kutojitwisha kazi isiyo yake. Akimshuku mgonjwa kuwa na homa ya virusi vikali, yaani homa inayoambatana na kutokwa damu, au vifo visivyoeleweka katika kaya moja, au ugonjwa wa mtu aliyechinja mnyama aliyekuwa akiumwa, asikimbilie kuchukua damu. Amtenge mgonjwa kwa heshima, ajikinge, atoe taarifa kwa mganga mkuu wa halmashauri, na asubiri maelekezo ya timu iliyofundishwa. Namba ya bure 199 ya Wizara ya Afya ipo kwa ajili ya taarifa za namna hiyo. Iwapo damu imekwisha kuchukuliwa, isifunguliwe tena, isigawanywe katika vichupa vingine, wala isizungushwe kwenye mashine ya kutenganisha damu. Uamuzi wa kuitia dawa ni wa maabara itakayoipokea, kwa kuwa sampuli iliyokazwa kwa ajili ya hadubini haiwezi tena kuoteshwa, na mara nyingi hupungua thamani kwa vipimo vingine. Mwenye kupanga uchunguzi ndiye apangaye mapema kipi kikazwe na kipi kiachwe.

Ufungaji nao una kanuni yake inayokubalika duniani: tabaka tatu. Kichupa kisichovuja huzungushiwa kitu cha kufyonza kitakachonywa majimaji yote endapo kitapasuka. Huingizwa katika chombo cha pili kisichovuja. Kisha chombo hicho hukaa ndani ya kasha gumu la nje. Karatasi za maelezo hukaa nje ya chombo cha pili ili zisilowe damu. Dereva huelezwa anachobeba na la kufanya kasha likianguka. Kumficha kwa hofu ya kwamba atakataa safari ni kumdhulumu.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, yapo ya kuuliza na yapo ya kujiepusha nayo. Ana haki ya kuuliza sampuli yake inakwenda wapi, kwa kipimo gani, na majibu yatamfikia kwa njia ipi. Asikubali kutumwa kubeba mwenyewe damu au majimaji ya mwili katika chupa ya soda au mfuko wa nailoni. Asione barakoa ya muuguzi kuwa ni kinyaa. Barakoa hiyo inamlinda pia mgonjwa atakayefuata. Na mfugaji ambaye kondoo wake wametupa mimba kwa wingi asizishike mimba hizo kwa mikono mitupu wala kuwatupia mbwa, bali amwite afisa mifugo. Sampuli ya mnyama huyo huenda ikawa onyo la kwanza kwa mji mzima, kabla binadamu yeyote hajaugua.

Kwa viongozi na kwa vyuo vya tiba, deni ni kubwa zaidi. Mafunzo ya usalama wa sampuli yamekuwa yakielekezwa kwa wataalamu wa maabara, ilhali wahudumu wa usafi na madereva hukumbukwa mwisho, ikiwa wanakumbukwa. Historia ya Marburg imekwisha kuonyesha kwamba anayeshika chombo kilichochafuka anaweza kuambukizwa kama anayepasua. Chuo kinachofundisha wataalamu wa hadubini kinapaswa kuhesabu kwamba somo la kwanza la hadubini hutolewa kwenye zahanati, na kwamba mwanafunzi wa somo hilo ni pamoja na yule anayesukuma ndoo ya klorini.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Katika safari ya sampuli ya virusi, mwiba huo ni kifuniko kilicholegea, kipande kilichokatwa kinene, saa mbili zilizopunguzwa kwenye formalini kwa sababu gari linaondoka. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mashine ya mamilioni ili kurekebishwa. Kinahitaji mtu aliyefundishwa, aliyepewa kifaa chake, na asiyeharakishwa. Mtu huyo akiwepo Maisaka, mtaalamu aliye mbele ya hadubini, awe Dar es Salaam au Hamburg, ataweza kutazama kwa utulivu kitu kilichokufa kweli, na muuguzi aliyechukua sampuli ile atakuwa angali kazini akisubiri majibu.